Antena Nyingi Si Mtandao Mwingi

Ukiuliza mjini Tabora kwa nini mtandao unasuasua, utapewa jibu lilelile na muuza simu wa sokoni, na diwani kwenye mkutano wa hadhara, na hata na fundi anayepanda mnara: antena ni chache, ziongezwe. Shule ikilalamika, inafungiwa ya pili. Kata ikilalamika, inaahidiwa mnara wenye antena nyingi za kisasa. Anayenunua simu janja hutajiwa idadi ya antena zilizomo ndani yake kama mnunuzi wa ng'ombe anavyotajiwa lita za maziwa. Swali la pili haliulizwi, kwa sababu hesabu inaonekana imekwisha: kama moja inasaidia, mbili zitasaidia maradufu.

Nasema hesabu hiyo si sahihi, na inatugharimu. Nimeshika kazi ya redio na antena kwa miaka mingi, nimewafundisha vijana kuifanya, na nimepanda mapaa ya kutosha kujua ninachokisema. Antena mbili zilizobanana bila kutengwa haziwi antena mbili. Zinanyonyana. Nguvu iliyotakiwa itoke imfuate mtu aliye mbali inaishia kwa jirani aliye sentimeta chache pembeni, jirani ambaye hana haja nayo. Na anayelipia hasara hiyo si mtu wa mjini aliyekaa chini ya mnara. Ni mtu wa Sikonge, wa Kaliua na wa Uyui, aliye ukingoni mwa mawimbi, ambaye kwake kila punje ya nguvu ni neno moja zaidi linalosikika.

Asiyeamini na achukue ngoma mbili zinazolingana. Aziweke ubavu kwa ubavu, apige moja, kisha aweke kiganja juu ya ngozi ya ile ambayo hakuipiga. Atausikia mtetemo. Mkono wake ulipiga ngoma moja, lakini sehemu ya pigo imehamia kwa ya pili, haikwenda yote na sauti inayotoka kwa ya kwanza. Kadiri ngoma zinavyofanana mwambo, ndivyo zinavyoibiana zaidi. Antena za mtandao mmoja zimewambwa kwa masafa yaleyale kwa makusudi. Ndiyo maana wizi wake ni mkubwa.

Antena ninayoizungumzia hasa ni ile bapa, ambayo nitaiita kiraka, maana kwa kweli ni kiraka: kipande cha shaba cha mstatili kilichobandikwa juu ya ubao mwembamba, na nyuma ya ubao pana bamba jingine la shaba. Georges Deschamps alilitoa wazo hilo mwaka 1953, na miaka ya 1970 Robert Munson akalifanya litumike kwenye miili ya roketi, kwa kuwa kitu bapa hakishiki upepo. Leo kiraka kimo ndani ya yale maboksi meupe yaliyofungwa juu ya mapaa ya shule na zahanati, kimo kwenye vifaa vya GPS vya malori, na jamaa zake waliofupishwa wamo ndani ya simu. Ni antena nyepesi, rahisi na bapa, na kwa sababu hiyo watu hushawishika kuvipanga viraka vingi mahali padogo.

Hapo ndipo balaa inapoanza. Viraka viwili vilivyokaribiana hunyonyana kwa njia tatu. Ya kwanza ni hewani, wimbi linapotoka kwa kimoja na kumpiga jirani kabla ya kwenda popote. Ya pili ni bamba la nyuma, ambalo viraka vyote huchangia, hivyo umeme wa kimoja hutembea hadi chini ya kingine. Ya tatu ni ndani ya ubao wenyewe: wimbi hunaswa kati ya ubao na hewa, likatambaa juu ya uso wake mpaka likutane na kiraka cha pili. Ubao ukiwa mnene, njia hii ya tatu huwa pana zaidi.

Mafundi hupima kunyonyana huko kwa desibeli. Nitazieleza, kwa sababu wauzaji hujificha nyuma yake. Ukiambiwa kwamba antena mbili zimetengana kwa desibeli 20, maana yake ni kwamba sehemu moja kati ya 100 ya nguvu ya kwanza inaingia kwa ya pili. Desibeli 10 ni sehemu moja kati ya 10. Desibeli 6 ni robo nzima. Desibeli 3 ni nusu. Sasa fikiria mnara ulio kwenye tambarare, ambako hakuna kizuizi: eneo linalofikiwa hupungua sawasawa na nguvu. Ukipoteza robo ya nguvu kwa jirani, umepoteza robo ya eneo. Kwenye misitu ya miombo mawimbi hudhoofika upesi zaidi, kwa hiyo hasara ya eneo huwa ndogo kidogo, kama asilimia 15 hivi. Lakini asilimia 15 ya vijiji si jambo la kupuuza katika mkoa huu wenye kilomita za mraba zaidi ya 76,000, mkubwa kuliko mingine yote nchini, na watu zaidi ya milioni 3 waliotawanyika ndani yake.

Hoja yangu haikutoka vitabuni tu. Niliwahi kukaa na vijana wanne kwenye meza ya karakana, tukachukua vipande viwili vya ubao wa kawaida wa saketi, ule wenye shaba pande zote mbili. Juu ya kila kimoja tulichora mstatili wa milimita 38 kwa 29, tukachuna shaba iliyobaki kwa wembe, tukachomea waya wa kulishia. Kwa ubao wa aina ile, kipimo hicho hutoa kiraka cha gigahezi 2.4, masafa ya waifai. Tukaviweka viwili ubavu kwa ubavu mezani, tukaviunganisha na kipimo cha mkononi chenye matundu mawili: tundu moja linasema, la pili linasikiliza. Kwenye kioo ukatokea mstari wenye kilele palepale penye 2.4. Kijana mmoja akashangaa: "Mwalimu, vimegusana wapi? Mbona hiki kinapokea kila kitu?" Havikuwa vimegusana. Nikakishika kiraka cha pili kwa ncha za vidole, nikakizungusha nyuzi 90, polepole, na wote wakauona mstari ukizama kadiri kilivyozunguka. Kijana yule akauliza tena: "Kwa hiyo tumeongeza nini?" Nikamjibu kwamba hatujaongeza kitu. Tumegeuza tu.

Wanaoamini wingi hawawezi kulieleza jambo hilo. Shaba ilikuwa ileile, umeme uleule, idadi ileile, lakini matokeo yakawa mengine kabisa. Hesabu ya antena haikubadilika hata kwa moja. Kilichobadilika ni uhusiano kati yake.

Watetezi wa wingi wanapobanwa hapo, hukimbilia jibu jepesi: basi ziachanishwe. Kanuni wanayoinukuu inajulikana, kwamba antena zikae mbali kwa angalau nusu ya urefu wa wimbi. Hilo ni shauri zuri pale panapowezekana. Nakataa kwamba ndilo suluhisho la Tabora, na sababu yangu ni hesabu.

Urefu wa wimbi hutegemea masafa. Kwenye megahezi 3,500, masafa ya mtandao wa 5G wa mijini, wimbi lina urefu wa sentimeta 8.6 hivi, na nusu yake ni sentimeta 4.3. Simu ya kawaida ina urefu wa sentimeta 15 hivi, kwa hiyo antena nne zinaenea humo bila kusukumana. Lakini vijijini hatuhudumiwi kwa masafa hayo. Mawimbi mafupi hayafiki mbali na hayapendi miti. Mnara wa kijijini hutegemea masafa ya chini: megahezi 900, 800, 700. Kwenye 900, nusu ya wimbi ni karibu sentimeta 17. Kwenye 700, ni sentimeta 21. Simu nzima ni fupi kuliko hapo. Hata ukiweka antena moja juu kabisa na nyingine chini kabisa, bado zimebanana.

Tena kuna jambo gumu zaidi. Kwenye masafa hayo ya chini, antena ndogo iliyo ndani ya simu haifanyi kazi peke yake. Inautikisa mwili mzima wa simu, lile bamba la chuma la ndani, na bamba hilo ndilo linalorusha sehemu kubwa ya mawimbi. Antena ya pili nayo inautikisa mwili uleule. Ni watu wawili wanaoongea kwa kutumia koo moja. Utawaachanisha vipi?

Basi anayetuambia kwamba kunyonyana kwa antena ni tatizo la maabara za Ulaya amelipindua jambo juu chini. Mtu wa London anayesimama mita 200 kutoka kwenye mnara, akitumia mawimbi mafupi, simu yake ina nafasi ya kutosha na nguvu ya kumwaga. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, anayetumia mawimbi marefu akiwa kilomita nyingi kutoka mnarani, ndiye mwenye antena zilizobanana zaidi, na ndiye asiye na nguvu ya kupoteza. Tatizo hili ni letu kabla halijawa la mtu mwingine yeyote.

Juu ya mapaa nako kuachanisha kuna mpaka. Shule moja niliyoitwa kuisaidia ilikuwa na boksi moja la waifai lililounganisha ofisi na mnara wa mtoa huduma. Mtandao ulipokuwa mzito, wakauziwa boksi la pili, likafungwa kwenye bomba lilelile chini ya la kwanza, limeangalia upande uleule, kwa chaneli za jirani. Mtandao ukawa mbaya kuliko mwanzo, na aliyewauzia akapendekeza la tatu. Tupige hesabu ya kilichokuwa kikitokea. Tuseme boksi moja linarusha milliwati 100, na kutengana kwa maboksi mawili ni desibeli 30, kiwango ambacho wengi wangekisifu. Kwa jirani yake itaingia milliwati 0.1. Ni kidogo, lakini ilinganishe na sauti inayotoka mbali, ambayo kwa viungo vya namna ile kwa kawaida hufika ikiwa sehemu moja ya milioni ya hicho kidogo. Boksi la pili linajaribu kumsikia mtu anayenong'ona bondeni huku jirani yake akimpigia baragumu sikioni kwa sauti kubwa mara milioni moja. Tuliliteremsha lile la pili, tukalifunga upande mwingine wa jengo, ukuta ukawa katikati, tukaligeuza nyuzi 90, tukazitenga chaneli. Hatukununua kitu.

Hata pale penye nafasi tele, kuachanisha kupita kiasi nako kuna adhabu yake. Viraka vinapopangwa safu ili vielekeze mwale mmoja wenye nguvu, umbali kati yake ukizidi kiasi, miale ya bandia hutokea pembeni, nguvu ikaenda kusikokusudiwa. Fundi wa safu hizo amebanwa pande zote mbili: akizisogeza zinanyonyana, akiziachanisha zinatawanya. Hana pa kutokea isipokuwa kujifunza kuzitenga zikiwa karibu. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Wangekuwa mafundi wa antena wangeongeza: ila kwa mwenye kujua kujenga ukingo katikati.

Na ukingo huo unajengeka. Kugeuza nyuzi 90 nimekwisha kueleza, ni bure. Njia ya pili ni kuchonga ufa mwembamba kwenye bamba la nyuma, kati ya viraka viwili, ili umeme unaotembea chini ukutane na korongo. Ya tatu ni kuweka kati yao ukanda wa shaba usiolishwa kitu, unaopokea wimbi la mmoja na kulirudisha likiwa kinyume, hata likifika kwa jirani linajifuta. Ya nne ni kuunganisha antena mbili kwa uzi mwembamba wa shaba wenye urefu uliopimwa, unaopeleka kwa makusudi kiasi kidogo cha nguvu kikaue ile inayovuja. Ya tano ina jina ambalo mtu wa miombo atalipenda. Dan Sievenpiper na wenzake wa California, mwaka 1999, walitengeneza uso uliojaa vipande vidogo vya shaba, kila kimoja kikisimama juu ya msumari mfupi uliozama kwenye bamba la nyuma, na wataalamu wakauita uyoga kwa sababu ndivyo unavyoonekana. Mwaka 2003, Fan Yang na Yahya Rahmat-Samii walipanda safu nne za uyoga huo kati ya viraka viwili vya gigahezi 5.8, na kunyonyana kukapungua kwa desibeli 8, yaani kukabaki kama sehemu moja kati ya sita ya kulivyokuwa. Viraka havikusogezwa. Wimbi linalotambaa juu ya ubao lilikuta msitu, likashindwa kupita.

Sisemi dawa hizi hazina bei. Ufa kwenye bamba la nyuma huvujisha mawimbi kuelekea nyuma. Uzi wa shaba hufanya kazi kwenye masafa machache tu. Uyoga unataka nafasi na kazi ya ustadi. Fundi anayekuficha bei hiyo si mkweli. Lakini kila moja ya bei hizo ni ndogo kuliko bei ya antena nzima inayonunuliwa, inasafirishwa zaidi ya kilomita 800 kutoka bandarini, inapandishwa juu, kisha inakaa hapo kumnyonya mwenzake.

Wapo wanaojibu kwamba enzi hizi programu itasafisha kila kitu: antena zinyonyane zinavyotaka, kompyuta itatenganisha sauti zao. Hoja hii ina kipande cha ukweli. Mchanganyiko wa sauti mbili unaweza kupangwa upya kwa hesabu, endapo unaujua vyema. Kuna pia ukweli kwamba mara nyingine kunyonyana huipotosha mielekeo ya antena mbili kiasi cha kuzifanya zione mazingira tofauti, na mfumo wa antena nyingi hufaidika kwa tofauti. Lakini programu haiwezi kuirudisha nguvu iliyokwisha kuyeyuka ndani ya saketi ya jirani ikawa joto. Haiwezi kukizibua kipokeo kilichozibwa na baragumu la sikioni. Na mtu aliye ukingoni mwa mawimbi hajapungukiwa na ufundi wa kupanga sauti. Amepungukiwa na sauti yenyewe. Kwake huyo kila kitu kinapimwa kwa nguvu iliyofika, na nguvu isiyofika haina programu.

Hoja yao yenye uzito zaidi ni ya umaskini. Wanasema: kwanza minara, kwanza umeme, kwanza mkongo, hayo ya viraka na uyoga ni anasa, yatakuja baadaye. Naiheshimu hoja hii kwa sababu inatoka kwa watu wanaohangaika. Ni kweli kijiji kisicho na mnara hakina cha kutenga. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote upo kwa ajili hiyo, na mwaka 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 kwenye kata zilizosahaulika. Naunga mkono kila mmoja wa minara hiyo. Lakini huwezi kuniambia kwamba kwa kuwa tuna maji machache, tusihangaike na ndoo iliyotoboka. Mwenye mito ndiye anayeweza kumudu ndoo mbovu. Uhaba ndio unaotufanya tuwe wakali kwa kila kinachovuja. Mnara unaochomewa dizeli usiku na mchana porini, kisha robo ya nguvu yake ikaishia sentimeta kumi kutoka ilikoanzia, ni dizeli iliyomwagwa chini, na anayeilipia ni mnunuzi wa bando.

Kisha nasikia, kwa sauti ya chini, ile hoja ambayo wengine wanaona haya kuitamka: kwamba mambo haya ni ya wenyewe huko, na Tabora itayapokea yakiwa tayari ndani ya boksi. Hii naikataa kwa jina la mji wenyewe.

Mji huu uliishi kwa kupanga njia. Unyanyembe, kama palivyoitwa hapa, palikuwa mahali ambapo njia ya Bagamoyo iligawanyika, nyingine kwenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda, nyingine kusini. Njia yenyewe ilikuwa ya mguu, upana wa mtu mmoja, na juu yake walipita wapagazi kwa maelfu, wengi wao Wanyamwezi. Walipitaje bila kukanyagana? Kwa utaratibu. Msafiri Richard Burton, aliyefika Kaze, yaani Tabora hii, Novemba 1857, aliandika kwamba aliyethubutu kumtangulia kirongozi, yaani kiongozi wa mbele wa msafara, alichomolewa mshale mmoja kwenye podo lake, uwe ushahidi wa kumtoza faini jioni. Aliandika pia kwamba misafara miwili ikikutana uso kwa uso, viongozi wa mbele walipigana vichwa kama kondoo dume, mpaka upande mmoja ukainama na kupisha. Watu wale hawakuwa na njia ya pili ya kuongeza. Walikuwa na kanuni ya nani anapita na nani anapisha, na kanuni hiyo ilibeba biashara ya misafara hiyo yote.

Na pale kanuni ilipokosekana, mji uliona matokeo yake. Msafiri Henry Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871 alikuta mfuko wa barua zilizotumwa kwa msafiri mwenzake, David Livingstone, umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Umetoka Unguja, umepata wapagazi, umekuja mpaka hapa, halafu umekaa. Livingstone aliupokea Ujiji Novemba 1871, mwaka mzima baadaye, kwa mkono wa Stanley. Wabebaji walikuwepo tangu mwanzo. Walikaa pamoja, walikula pamoja posho iliyokwisha kulipwa, kwanza pwani na kisha hapa, ambako vita vya Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya magharibi. Kuongeza mbebaji mwingine kwenye kambi ileile kusingeisogeza barua hata hatua moja. Tembe la Kwihara alimokaa Livingstone mwaka uliofuata, akisubiri watu wa kwenda nao, liko kilomita chache tu kutoka ilipo minara yetu ya leo.

Kwa hiyo nataka mambo matatu, na yote yanawezekana bila kusubiri mfadhili.

La kwanza ni kwa wanunuzi: wakuu wa shule, waganga wafawidhi, maofisa ugavi wa halmashauri. Mkiletewa bei ya antena, msiulize ni ngapi. Ulizeni zimetengana kwa desibeli ngapi, kwenye masafa gani, na nani alipima baada ya kufungwa. Jibu liandikwe kwenye mkataba. Muuzaji asiyeweza kujibu anauza shaba, hauzi mtandao.

La pili ni kwa Mamlaka ya Mawasiliano. TCRA hukagua na kuidhinisha aina za vifaa vinavyoingia nchini. Ichapishe pia, kwa jina la kila simu, nguvu inayotoka hewani kwa masafa ya chini ambayo vijiji vinayategemea, ikipimwa mkono ukiwa umeishika. Denmark wamefanya: Chuo Kikuu cha Aalborg kilipima simu kwa namna hiyo na matokeo yakachapishwa, ikaonekana kwamba simu za bei inayolingana hutofautiana sana katika uwezo wa kushika mtandao. Kama nchi ndogo iliyojaa minara iliona haja hiyo, sisi tuna haja zaidi.

La tatu ni kwa walimu wenzangu wa vyuo vya ufundi. Ubao wa saketi, wembe na kipimo cha mkononi vinaenea kwenye begi moja la shule. Somo la kunyonyana kwa antena linaweza kufundishwa kwa asubuhi moja, na kijana anayetoka humo akiwa ameuona mstari ukizama kwa macho yake hataweza tena kudanganywa kwamba wingi ni ubora. Tusiwapeleke vijana mnarani wakijua kukaza nati tu.

Kwako msomaji nina ombi moja. Ukiwa na ruta mbili nyumbani au ofisini, na zimewekwa pamoja juu ya kabati moja kwa kuwa ndipo penye soketi, leo jioni zitenge: moja iende chumba cha pili, ukuta uwe katikati. Kisha pima mwenyewe. Hutakuwa umeongeza kitu.